Vifaa vya slalomu ya majini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Slalomu ya majini ni kuvutwa na boti ukiwa juu ya ski huku ukizunguka maboya sita ya kozi. Hapa tunazungumzia ski moja, ile ambayo miguu yote miwili hukaa juu yake, mmoja mbele ya mwingine. Vipimo vya ski na pezi (bamba jembamba lililo chini ya mkia wa ski) tumeviandika kwa inchi kwa kuwa ndivyo watengenezaji wengi wanavyoviandika, na pale panapohitajika tumeweka milimita.

Nichukue ski ya urefu gani?

Anza na uzito wako, kisha kasi ya boti. Urefu wa mwili wako hauna uzito mkubwa katika hesabu hii. Ski nyingi za watu wazima huwa kati ya inchi 63 na 69. Mtu wa kilo 55 hadi 65 kwa kawaida huangukia inchi 65, wa kilo 70 hadi 82 inchi 67, na anayezidi hapo inchi 69. Kila mtengenezaji ana jedwali lake, na hilo ndilo la kufuata, kwa sababu ski mbili za urefu mmoja zinaweza kutofautiana sana kwa upana.

Kasi inaingia kwa sababu maji hubeba zaidi kadiri boti inavyokwenda mbio. Mtu yuleyule akivutwa kwa kilomita 45 kwa saa anahitaji eneo kubwa zaidi la ski kuliko akivutwa kwa kilomita 55. Ukijikuta katikati ya saizi mbili na bado unavutwa polepole, chukua kubwa. Ski iliyo ndogo mno huzama kati ya maboya, hukuchosha kila unapoinuka majini, na hukufanya uegemee nyuma ili isitumbukize pua. Tabia hiyo ya kuegemea nyuma huchukua miezi kuiacha.

Ski pana au nyembamba?

Kwa anayejifunza, pana. Ski yenye kifua kipana mbele ya kiatu huinuka upesi, huvumilia makosa ya mizani na hukaa juu hata boti ikipunguza mwendo. Ubaya wake ni kwamba kwenye kasi ya juu huwa ngumu kulaza ubavuni, nayo huruka inapokata matuta ya maji yanayoachwa nyuma ya boti. Ski nyembamba za mashindano zimetengenezwa kwa kilomita 55 na 58. Ukizipanda kwa kilomita 42 zitakuadhibu, na utadhani kosa ni lako.

Kaboni ina faida yoyote kwangu?

Kaboni hupunguza uzito na hurudi upesi ikipindwa, kwa hiyo hutoka kwenye kona kwa nguvu. Nyuzi za kioo ni laini zaidi na nafuu zaidi, na hazikushitui. Kama bado hujapita maboya yote sita, tofauti hiyo utaiona kwenye bei kabla ya kuiona majini. Fedha inayobaki iweke kwenye kiatu kinachokukaa vizuri.

Nakagua nini kwenye ski iliyotumika?

Vua viatu kwanza. Muuzaji akikataa, acha. Chini ya bamba za viatu ndiko ski huvunjika: tafuta nyufa zinazokatiza upana wa ski, hasa mbele ya kiatu cha kwanza. Kisha bonyeza uso wote kwa dole gumba. Sehemu inayobonyea au kutoa mlio wa kukatika ina tabaka lililoachana na moyo wa ski. Ingiza skrubu kwenye kila tundu la chuma na uikaze kwa mkono, kwani tundu linalozunguka bure ni gharama. Pima uzito ukiweza. Ski iliyozidi uzito wake wa kawaida huenda imenyonya maji. Mwisho shika pezi na ulitikise: likicheza, angalia kama ni skrubu tu au kishikizo chenyewe kimepasuka.

Mikwaruzo ya juu ni urembo tu. Makovu kwenye kingo za chini ndiyo ya kuogopa, maana pale ndipo maji hukatwa, na ukingo uliolika hubadilisha namna ski inavyoshika.

Mguu upi utangulie?

Panda ski mbili, jisawazishe, kisha inua mmoja kidogo kutoka majini, halafu jaribu mwingine. Mguu uliobaki ukiwa imara bila wewe kuyumba ndio wa mbele. Jaribio la kusukumwa mgongoni ili uone mguu unaotoka kwanza husaidia kukisia, lakini jaribio la majini ndilo la kuamini.

Viatu viwili, au kiatu kimoja na kikanyagio cha nyuma?

Kiatu mbele na kikanyagio cha vidole nyuma, yaani kinachoshika vidole na kuacha kisigino wazi, ndio mpangilio wa kuanzia. Mguu wa nyuma unaweza kubaki nje ukiwa unaburuta majini wakati wa kuinuka, kisha ukaingizwa ski ikishatulia juu ya maji. Ukianguka, mguu wa nyuma hutoka wenyewe.

Viatu viwili hutoa ushikaji bora na hulazimisha magoti yafanye kazi pamoja, ila vina sharti moja lisilo na mjadala: vitoke vyote au visitoke hata kimoja. Mguu mmoja ukifunguka na mwingine ukabaki, ski nzima inakuwa mtaimbo juu ya kifundo kimoja, na mifupa huvunjika hivyo. Ndiyo maana mifumo ya viatu vigumu huviweka vyote viwili juu ya bamba moja linaloachia kwa pamoja. Kuchanganya kiatu kigumu cha mbele cha aina moja na cha nyuma cha aina nyingine bila kujua vinaachia kwa nguvu gani ni kucheza na mguu wako.

Kiatu kikaze kiasi gani?

Kisigino kisiinuke unapopiga goti mbele, na vidole visikunjwe. Kiatu kilicholegea huchelewesha kila amri unayoipa ski, na pia hufanya mguu utoke nusu wakati wa kuanguka, ambayo ni hatari kuliko kutoka kabisa. Ukilowesha mguu na kiatu kwa maji yenye sabuni kidogo, utaingia bila kurarua mpira. Usitumie mafuta ya petroli, maana hulainisha mpira na gundi zake.

Viatu vifungwe wapi kwenye ski?

Kipimo hutoka mwisho wa mkia hadi nyuma ya kisigino cha kiatu cha mbele. Kwa ski ya inchi 67 huwa karibu na sentimita 75. Anza pale mtengenezaji alipoelekeza. Kama hakuna maelezo, anza na matundu ya katikati. Utaratibu ni huu:

1. Laza ski juu ya kitambaa, pezi likining'inia nje ya ukingo wa meza.
2. Weka kiatu cha mbele kikiwa sambamba kabisa na mstari wa katikati. Kikipinda hata kidogo, ski itageuka vizuri upande mmoja na vibaya upande wa pili.
3. Ingiza skrubu zote kwa mkono kabla ya kukaza hata moja. Skrubu iliyoanza kombo huua uzi wa tundu.
4. Kaza kwa kupishana kona, kwa bisibisi ya mkono. Mashine ya umeme haina kazi hapa.
5. Weka kikanyagio au kiatu cha nyuma karibu na cha mbele kadiri mguu unavyoruhusu. Mguu wa nyuma unaweza kugeuzwa nje kidogo kama goti linalalamika.
6. Pima tena, andika.

Ukisogeza viatu mbele tundu moja, pua inashika maji zaidi: kona inakuwa kali, lakini ski inaweza kutumbukia. Ukirudisha nyuma, pua inapanda, unakuwa imara zaidi, ila ski inapunguza mwendo na kona inakuwa ndefu. Tundu moja ni badiliko kubwa. Jaribu mara kadhaa kabla ya kuamua, kwa sababu mizunguko miwili ya kwanza huwa unapambana na ugeni tu.

Pezi linapimwaje?

Unahitaji kalipa ya kidijitali, yaani kipimio chenye taya mbili, yenye mwanya unaoruhusu pezi kupita katikati ya kitako chake. Rula haitoshi, maana badiliko la inchi 0.010, yaani robo milimita, huhisiwa majini.

Vipimo ni vitatu. Kina ni umbali kutoka tumbo la ski hadi ncha ya chini kabisa ya pezi, mara nyingi karibu na inchi 2.5 (milimita 63.5). Urefu ni kutoka mwanzo wa pezi hadi mwisho wake pale linapogusa ski, mara nyingi kati ya inchi 6.8 na 6.95. Umbali wa mkia ni kutoka mwisho wa ski hadi ukingo wa nyuma wa pezi, na huzunguka inchi 0.75 (milimita 19). Hizi ni namba za kukuonyesha uko jirani. Ski yako ina zake.

Urefu ndio unaoleta mabishano. Ukipima kwa ncha za taya za kalipa unapata namba moja, ukipima kwa sehemu bapa za taya unapata nyingine, kwa sababu pezi lina mkunjo. Namba ya mtu mwingine haina maana mpaka ujue alipima vipi. Pima mara tatu. Zikitofautiana kwa zaidi ya inchi 0.003, mkono wako ndio unaotetemeka, si pezi.

Nibadilishe nini ski ikikataa kunitii?

Hakikisha kwanza kwamba ni ski. Mtu anayevutwa mikono ikiwa imenyooka na makalio yakiwa nyuma atapata kona mbaya kwenye pezi lolote duniani. Ukishajiridhisha, fuata dalili.

Kona ndefu, ski haimalizi kugeuka, pua iko juu: sogeza pezi mbele kwa inchi 0.010, au viatu mbele.

Pua inashika ghafla mwishoni mwa kona na mwili unapita mbele ya ski: rudisha pezi nyuma, au lipunguze urefu kidogo.

Mkia unateleza nje na ski inapotea chini yako: ongeza kina kwa inchi 0.005.

Ski imekwama kama iko kwenye reli, haitaki kuzunguka: punguza kina kwa kiasi hichohicho.

Legeza skrubu za kubana za pembeni kwanza, kisha zungusha zile za kurekebisha. Ukilazimisha skrubu za kurekebisha wakati zile za kubana zimekaza, utaharibu uzi wake. Ukishakaza tena, pima upya vipimo vyote vitatu, kwa sababu kukaza kwenyewe husogeza pezi na ukibadilisha kina urefu nao hubadilika.

Badilisha kitu kimoja tu kwa mara moja. Anayesogeza viatu na pezi asubuhi moja hatajua kilichomsaidia wala kilichomwangusha. Na kabla ya kugusa chochote, andika namba za mwanzo mahali ambapo hutazipoteza, ili uwe na pa kurudi.

Bawa la kwenye pezi ni la nini?

Ni kipande kidogo kilicholala kila upande wa pezi, kwa kawaida kwa nyuzi 7 hadi 9. Kazi yake ni breki: hupunguza mwendo wa ski unapokaribia boya ili uweze kugeuka. Ongeza nyuzi kama unafika kwenye boya ukiwa na kasi kupita kiasi. Kwa anayevutwa chini ya kilomita 48 bawa mara nyingi ni mzigo, kwa kuwa huhitaji kupunguzwa mwendo ambao huna. Lilaze au livue, na kumbuka kulivua kutabadilisha hisia ya mkia.

Kamba yoyote ya kuvutia inafaa?

Hapana. Kamba ya slalomu husukwa kwa polipropileni au poliethilini, huelea, na hunyumbuka kidogo tu. Kamba ya kuvutia maboya ya kupulizwa wanayopanda watoto hunyumbuka mno. Ukiivuta kwa nguvu kisha ukaachia, mpini unarudi botini kama manati. Ile isiyonyumbuka kabisa, ya ubao wa mawimbi, hupeleka kila mshtuko moja kwa moja kwenye mabega na kiuno.

Kagua vitanzi kabla ya kila siku ya mazoezi. Kamba iliyoota manyoya, iliyokakamaa kwa jua au yenye fundo ambalo halifunguki imeshatumika vya kutosha. Fundo hupunguza nguvu ya kamba, na pia hubadilisha urefu wake.

Rangi za kamba zina maana gani?

Kamba nzima pamoja na mpini ni mita 23, sawa na futi 75 kwa makadirio. Hufupishwa kwa vitanzi vya rangi: mita 18.25 ni nyekundu, 16 chungwa, 14.25 njano, 13 kijani, 12 bluu, 11.25 zambarau. Wachezaji hutaja futi zilizoondolewa, kwa hiyo ukisikia "kumi na tano" wanamaanisha mita 18.25, "ishirini na mbili" ni mita 16, "ishirini na nane" ni 14.25.

Maboya ya kugeukia yako mita 11.5 kutoka mstari wa katikati ambako boti hupita. Kwa hiyo kwenye zambarau kamba haifiki kwenye boya. Mchezaji hulifikia kwa kulaza mwili mzima nje ya ski na kunyoosha mkono.

Anayeanza hahitaji kamba ndefu kuliko zote, ingawa watu wengi hudhani hivyo. Kwa mwendo mdogo matuta ya maji huwa makubwa na mapana nyuma sana ya boti. Kwenye mita 18.25 mengi hupungua, na ndiyo maana mafunzo mengi huanzia hapo.

Mpini uwe wa namna gani?

Upana wa sentimita 30 hadi 33, unene wa milimita 25 hadi 29. Jaribu kuushika: ncha za vidole zikaribie kiganja bila kukigusa. Mnene mno huchosha kigasha, mwembamba mno huufanya mkono ukaze bila sababu. Mshiko ni kiganja kimoja juu na kingine chini. Chagua mpini ambao pembetatu ya kamba yake imefunikwa kwa plastiki au ina kizuizi, ili kichwa au mkono usipite ndani unapoanguka. Na usiingize mkono, mguu wala kifundo ndani ya pembetatu hiyo kwa mzaha wowote.

Glavu ni lazima?

Si lazima, ila bila glavu mazoezi yatakoma kwa sababu ya malengelenge kabla ya miguu kuchoka. Zibane zikiwa kavu, kwani zikilowa hutanuka. Mkunjo wa kitambaa kwenye kiganja ndio unaochuna ngozi.

Jaketi okozi gani, na suruali ya neoprini ni ya nini?

Tafuta lenye kibali cha usalama kinachotambulika unakochezea, kwa mfano kiwango cha ISO 12402-5, ambacho ni cha nguvu ya kuelea ya nyutoni 50. Lifunge, kisha mtu alivute juu kwa mabega. Likifika masikioni ni kubwa. Vile visibao vyembamba vya mashindano huzuia pigo kwenye mbavu lakini vingine havina kibali, na havielei vya kutosha kumbeba mtu aliyezimia.

Kaptula ya neoprini inapuuzwa mno. Kuanguka kwa kilomita 50 kwa saa miguu ikiwa imeachana kunaweza kusukuma maji kwa nguvu ndani ya mwili kupitia sehemu za siri, na majeraha yake yanahitaji daktari. Ivae hata kwenye maji ya joto.

Boti inahitaji nini?

Nguzo ya kufungia kamba katikati ya boti, matuta madogo ya maji nyuma yake, na mwendo usiobadilika. Boti yenye injini ndani na nguzo katikati hufanya vyote vitatu; yenye injini ya nyuma, kamba ikiwa imefungwa kwenye kitako, hupindishwa na kila mvuto wa mchezaji. Ondoa mizigo isiyo ya lazima, na abiria wakae katikati.

Kwenye mashindano kasi ya juu ni kilomita 58 kwa saa kwa wanaume na 55 kwa wanawake, na hupandishwa kwa hatua za kilomita 3. Kama boti haina kidhibiti mwendo cha GPS, tumia saa. Kozi ina mita 259 kutoka lango la kuingilia hadi la kutokea, kwa hiyo kwa kilomita 55 boti hupita kwa sekunde 16.95, na kwa kilomita 46 kwa sekunde 20.27. Kipima mwendo cha boti kinachotofautiana na saa ndicho kinachokosea.

Zaidi ya dereva awepo mtu wa kumtazama mchezaji. Ishara zikubalike kabla ya kuwasha injini: dole gumba juu ni ongeza, chini ni punguza, mkono kupita shingoni ni zima, kupiga kichwa ni turudi. Ukianguka na uko salama, inua mkono. Mkono usipoonekana, boti inakuja mara moja.

Ski ilikuwa nzuri jana, leo imeharibika. Kuna nini?

Mara nyingi hakuna kilichoharibika ila kimoja kati ya hivi: skrubu ya kiatu imelegea, pezi limesogea baada ya kugonga kitu au kuanguka kwa kishindo, boti ina watu wengi kuliko jana, au maji yamebadilika joto. Maji ya baridi ni mazito zaidi na hubeba ski juu. Yakipata joto ski hukaa chini kidogo na huhisi tofauti bila mtu yeyote kuigusa. Chukua kalipa, linganisha na namba ulizoandika. Zikilingana, usiguse pezi. Muulize dereva.

Nikiteleza baharini?

Suuza ski, viatu, skrubu na pezi kwa maji yasiyo na chumvi kila mara. Chumvi huozesha aluminiamu na kugandisha skrubu ndani ya matundu yake, hivyo zitoe mara kwa mara hata kama huna cha kurekebisha.

Niihifadhi vipi?

Ikiwa kavu, kivulini, viatu vikiwa wazi ili vipate hewa. Gari lililofungwa juani hupandisha joto kiasi cha kuachanisha tabaka za ski na kulainisha gundi ya viatu. Usiisimamishe kwa mkia, kwa kuwa uzito unaweza kuegemea pezi. Ivishe mfuko ulio na nafasi ya pezi, au ilaze tumbo likitazama juu.